Mitungi sita, ghorofa ya nne

SWALI: "Habari yako daktari. Nina miaka 43, naishi Umoja hapa Nairobi, ghorofa ya nne, na jengo halina lifti. Huu ni mwaka wa tatu tangu niambiwe nina baridi yabisi. Dawa nameza, na vidole havivimbi kama zamani, lakini uchovu umekataa kuondoka. Maji yetu hufunguliwa Jumanne jioni na Jumamosi asubuhi. Bomba liko chini, kwa hivyo kila mara napandisha mitungi sita ya lita 20. Jumamosi hiyo hiyo nafua, napiga deki na kuchemsha maharagwe ya wiki. Jumapili siamki. Siku zingine niko dukani, nauza sare za shule. Nimeacha hata mazoezi ya kwaya ya Alhamisi. Mume wangu anafanya kazi Mombasa na huja mwisho wa mwezi. Nyumbani niko na wavulana wawili, wa miaka 15 na 11, pamoja na mama mkwe. Hospitalini naambiwa 'pumzika'. Nikipumzika, hizo kazi atafanya nani?"

JIBU: Dada yangu, nianze kwa kukusahihisha kidogo: mimi si daktari. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya shughuli za kila siku, ile idara ndogo ya hospitali ambayo huwa mwisho wa korido, watu wakiipita wakitafuta eksirei. Daktari anatibu ugonjwa. Sisi tunauliza shati utalifungaje vifungo, ugali utausongaje, matatu utaipandaje. Kwa hivyo barua yako haikupotea njia.

Hilo neno "pumzika" nami nimewahi kulisema, tena kwa miaka, mpaka mgonjwa mmoja akaniuliza kama nitakuja mimi kumfulia. Sikuwa na la kujibu. Ni ushauri wa mtu ambaye maji yake hutoka ukutani. Wewe unahitaji kazi yenyewe ipunguzwe, na hilo linawezekana hata bila kuhama Umoja.

Kabla ya kugusa mtungi, tuseme kidogo kuhusu uchovu wenyewe. Baridi yabisi ni jina linalotudanganya. Ikifika Julai na kile kibaridi chetu cha Nairobi, utasikia watu wakisema ndicho kilichomletea fulani ugonjwa. Baridi inaweza kufanya maumivu yasikike zaidi, lakini chanzo ni kinga ya mwili kuushambulia utando unaozunguka viungo. Vita hivyo haviishii kwenye vidole. Vinauchosha mwili mzima, kama vile homa ya mafua inavyokulaza kitandani ingawa hujabeba chochote. Ndiyo sababu uchovu unaweza kubaki hata viungo vikiwa vimetulia. Waeleze vijana wako hivyo hivyo, kwa maneno hayo ya homa. Watoto huelewa homa.

Hata hivyo usiupe ugonjwa mmoja lawama zote. Ukienda kliniki tena, omba wapime damu kama imepungua, na tezi ya shingoni, na uwaambie unavyolala usiku na kama moyo wako umekuwa mzito kwa huzuni. Hayo yote huchosha, huandamana na ugonjwa wako mara kwa mara, na yana tiba. Kama dawa unayomeza ni ile ya mara moja kwa wiki, wengi huhisi kulegea kesho yake; usibadilishe siku mwenyewe, lakini muulize daktari ni siku gani inafaa, kisha kesho yake usipange kufua. Na ukianza kuhema isivyo kawaida kwenye ngazi, au kifua kikikubana, acha kusoma maneno yangu, nenda hospitali.

Sasa kazi. Nimeipenda barua yako kwa sababu ina hesabu. Wengi huniandikia "nachoka sana", basi. Wewe umetaja mitungi sita na ghorofa ya nne, na nusu ya jibu imo humo.

Tunapopima kazi, huwa tunailinganisha na nguvu ambayo mwili unatumia ukiwa umekaa kimya tu. Hiyo tunaiita moja. Kuosha vyombo au kupiga pasi ni karibu mbili. Kupiga deki kunapita tatu. Kupanda ngazi polepole, mikono mitupu, ni nne, na ukiongeza mzigo hesabu inapanda nawe. Wagonjwa wangu hulalamikia pasi kwa sababu ndiyo kazi inayowakuta wakiwa wameshaisha, jioni. Ukiirudisha siku nyuma saa kwa saa, unakuta aliyekula nguvu ni ngazi.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hivyo mitungi yako sita ni kilo 120 kila maji yanapofunguliwa. Lakini mzigo mkubwa kwenye hizo ngazi ni wewe mwenyewe. Tuseme una kilo 65: kila safari unapandisha kilo 85, na kwa safari sita umepandisha kilo 510. Jirani atakushauri ujaze mitungi nusu ili usiumie. Haya, tuhesabu tena. 65 na 10 ni 75, safari zimekuwa 12, jumla kilo 900. Vidole na mabega vitashukuru, na kwa ugonjwa wako hilo si jambo dogo, lakini moyo na magoti vitalipa karibu maradufu. Ushauri wa "beba kidogo kidogo" unafaa mahali tambarare. Kwenye ngazi unakugeuka.

Basi tuulize ni maji gani hayana haja ya kupanda kabisa. Mitungi sita ya Jumamosi inaenda wapi? Bila kukuona naweza kukisia kwamba mitatu inaishia kwenye beseni la kufulia na kusuuzia, kisha inamwagwa. Umepandisha kilo 60 ghorofa nne ili uzimwage. Fua chini, palipo na bomba, asubuhi hiyo hiyo maji yakitoka. Ploti nyingi za Umoja zina kijisehemu cha saruji karibu na bomba. Kama wapangaji hugombania nafasi, zungumza na keateka akupe saa yako mapema. Ukifua chini, mitungi mitatu imebaki chini.

Mitatu iliyosalia ni lita 60. Kijana wa miaka 15 akipanda mara nne na lita 10, hizo ni 40. Mdogo wake akipanda mara nne na dumu la lita 5, hizo ni 20. Jumla 60, na wewe hujakanyaga ngazi hata moja na mzigo. Kijana anayeweza kukimbiza mpira kwa saa mbili uwanjani hawezi kushindwa na safari nne. Jumanne jioni, watoto wakiwa na kazi za shule, mlipe kijana wa pale ploti akupandishie. Najua ni pesa. Lakini wewe una duka, unajua kukokotoa: weka gharama hiyo upande mmoja, na upande wa pili uweke Jumatano ambayo unafungua duka umechelewa kwa sababu mikono imekataa.

Siku ambayo hakuna wa kubeba na lazima ubebe wewe, usiweke kichwani. Baridi yabisi inaweza kuingia kwenye viungo vya juu vya shingo, na hapo si mahali pa kuwekea kilo 20. Shikilia mzigo karibu na mwili, ukikumbatia kwa mikono miwili badala ya kuning'iniza kwa vidole. Simama kwenye kila ghorofa kabla hujaanza kuhema. Hilo la "kabla" ndilo watu hulikosea: wanapanda hadi pumzi iishe ndipo wanapumzika, na pumzi iliyokwisha hurudi polepole kuliko ile iliyopungua tu. Kipimo ni rahisi, na mtu wa kwaya utakipenda. Ukiwa unaweza kuzungumza bila kukatika, uko sawa. Ukishindwa kumaliza sentensi, ulipaswa kusimama ghorofa moja nyuma.

Tuje kwenye hiyo Jumamosi. Unajua Fuliza, ule mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, inavyofanya kazi: salio limeisha, unalipa mahali, unajisikia una pesa, kisha hela yoyote ikiingia inakatwa kwanza, pamoja na ada. Jumamosi yako ni Fuliza. Maji, nguo, deki na maharagwe, vyote siku moja, kwa nguvu ambazo hukuwa nazo, kisha Jumapili inakatwa yote. Nimeona watu wanaoishi hivyo miaka, siku moja shujaa na siku mbili maiti, na kila mzunguko salio linashuka kidogo. Dawa yake inachosha kuisikia: kazi ya Jumamosi itawanywe. Deki iondoke Jumamosi kabisa. Maharagwe yaende Jumatano. Jumamosi ibaki na maji na nguo, nazo nusu yake zifanywe na watu wengine.

Kufua kwenyewe nataka nikae hapo kidogo, maana ndiko mikono yako inakoharibika.

Karibu miaka mia na ishirini iliyopita kulikuwa na Mmarekani, Frank Gilbreth, aliyeanza maisha kama fundi wa kujenga kwa matofali. Aliwatazama mafundi wenzake akaona kila tofali moja, fundi anainama hadi chini, anaokota, anainuka. Siku nzima anaubeba mwili wake juu na chini kwa ajili ya kitofali. Akatengeneza jukwaa linaloinuka pamoja na ukuta, matofali yakawa usawa wa mkono, na miondoko 18 ya kuweka tofali moja ikashuka hadi kama mitano. Mkewe, Lillian, aliyezaa naye watoto 12 na kubaki mjane 1924, aliendeleza kazi hiyo akaiingiza jikoni, na baadaye akawashughulikia hasa akina mama wenye ugonjwa wa moyo na ulemavu. Sehemu kubwa ya ninayokuandikia hapa imetoka kwenye macho ya watu kama hao, waliotazama kazi ndogo kwa makini bila kuidharau.

Sasa jiangalie wewe. Beseni liko chini sakafuni, miguu umeipanua, mgongo umekunjwa katikati, na kila nguo unainuka kuiweka kando kisha unainama tena. Wewe ndiye yule fundi wa matofali. Inua beseni. Liweke juu ya stuli, au juu ya kreti mbili za soda zilizopangwa, na wewe uketi kwenye kiti cha plastiki, mapaja pande mbili za beseni. La kusuuzia liwe mkono wa kulia, usawa ule ule, ili nguo isafiri kando badala ya kupanda na kushuka. Loweka tangu Ijumaa usiku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga. Uchafu ukilala majini unalegea wenyewe na kusugua kunapungua. Kola na pindo tu ndizo zinazohitaji mkono wako. Katikati ya shati la shule hakuna uchafu wa kupigana nao.

Kukamua ndiko hasa nataka uache. Ule mzunguko wa mikono miwili ikienda kinyume unasukuma vidole kuelekea upande ambao ugonjwa wenyewe tayari unataka kuvipeleka, upande wa kidole cha mwisho. Ingiza nguo nyuma ya shingo ya bomba, ishike ncha zote mbili kwa pamoja, kisha izungushe kwa viganja, bomba likiwa ndilo linalokushikia. Nguo nzito, jinzi na taulo, usikamue kabisa: zitundike zikidondoka maji. Na hapa kuna mtego. Kama kamba zenu ziko juu ya paa, nguo zikiwa zimeloa ni mzigo mwingine wa ngazi, tena mzito kuliko unavyodhani, jinzi hasa. Ziache zichuruzike kwenye kamba ya chini nusu saa, halafu vijana wapandishe. Kama hakuna kamba chini, ningelipia mama fua kwa ajili ya jinzi, mablanketi na taulo tu, mara moja kila wiki mbili, na nguo nyepesi nibaki nazo mwenyewe. Si lazima mama fua achukue zote au asichukue hata moja.

Jikoni nina maneno mengi, nitajizuia.

Maharagwe kwanza. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, hayafiki 100. Mumeo akichemsha maharagwe yale yale huko Mombasa, yataiva mapema kuliko yako, na si kwamba ana mkono mzuri. Kwa hivyo huku kwetu kuloweka usiku kucha si hiari, na sufuria ya presha ina maana zaidi kuliko pwani: inafungia mvuke, joto linapita nyuzi 110, na kazi ya saa mbili inakuwa ya chini ya saa moja. Mwaga maji uliyolowekea. Kama huna sufuria ya presha, hakikisha maharagwe, hasa yale mekundu, yanachemka kwa nguvu angalau dakika kumi kabla ya kupunguza moto, maana yana sumu yake ya asili ambayo moto mdogo hauiondoi. Ukiwa na friji yenye kigandishi, gawa kwenye mikebe midogo ya mlo mmoja mmoja. Mkebe mkubwa mmoja utakufanya uupasue kwa kisu, na hivyo ndivyo watu wanavyofika kwangu na bandeji.

Au nunua yaliyochemshwa. Jioni mitaa ya Umoja haikosi mama wa githeri na maharagwe yaliyoiva, na mama mboga atakukatia sukuma wiki ukisubiri. Nimesikia wanawake wakisema kwa aibu kwamba wananunua sukuma iliyokatwa, kana kwamba wameungama dhambi. Huyo mama mboga ana kisu kikali na vidole vizima. Mwache akate. Ninachosisitiza ni uioshe vizuri ukifika nyumbani.

Ugali sasa. Nimesimama jikoni kwa watu wengi nikiwatazama wakisonga, na kila mara nikitaka kujua mkono unaumia wapi, sitazami mkono wa mwiko, natazama ule mwingine. Mkono wa kushoto umekunja kitambaa na kubana ukingo wa sufuria kati ya kidole gumba na cha shahada, kwa nguvu zote, dakika kumi, kwa sababu sufuria zetu hazina mishikio na unga ukikaza sufuria inataka kuzunguka pamoja na mwiko. Kubana huko ndiko kunakoumiza, na wewe uliyekuwa unaulaumu mwiko hukujua. Tafuta sufuria nzito yenye masikio mawili, uishike kwa kiganja kizima ukiwa umevaa glovu ya jikoni. Jiko liwe chini ya kiuno ili mkono ushuke umenyooka na nguvu itoke begani. Lile la gesi ya kilo 6 lenye kichomeo juu yake hufaa kwa hili kuliko majiko marefu ya kisasa. Mpini wa mwiko uzungushie ukanda wa blada ya baiskeli mpaka unene, kisha ushike kama mchi, gumba likitazama juu.

Hayo ni kwa siku unazosonga wewe. Lakini ugali wa watu wanne, mara nne kwa wiki, una mtu wake nyumbani kwako, naye ana miaka 15. Mfundishe. Wa kwanza utakuwa na mabuja, mle hivyo hivyo. Chapati usizigonge kabisa kwa sasa. Hakuna chakula kinachoiba nguvu kama chapati, kukanda, kugawa, kusukuma, kugeuza, na mtaani kwenu zinauzwa moto.

Kuhusu kukaa ukipika, nikupe kosa langu ujihadhari. Zamani nilimwagiza mama mmoja anunue kiti kirefu cha jikoni, kama vitabu vilivyonifundisha. Nilipomtembelea nilikikuta sebuleni kimebeba runinga. Jiko lake lilikuwa na upana wa hatua moja na nusu. Angekaa, mlango usingefunguka. Tangu siku hiyo siagizi kiti kabla ya kuuliza jikoni kunaenea nini. Kwa hivyo pima kwanza. Kama hakuenei, hamisha kazi: kuchambua mchele, kumenya viazi, kukata vitunguu, vyote vifanyiwe mezani sebuleni, umekaa, sinia mbele yako, redio ikiimba. Jikoni uingie kwa moto tu.

Na vitu unavyotumia kila siku vishuke. Mtu mwenye rafu moja hupanga vyombo vya wageni mahali panapofikika, na sufuria ya kila siku anaitafuta huku amechuchumaa. Geuza. Chochote unachoshika kila siku kikae kati ya kiuno na bega. Mikono ikiinuliwa juu ya bega inachoka upesi, hata ikiwa haijabeba kitu.

Deki. Nadhani, ingawa hukuandika, kwamba mama mkwe haamini mopu. Wengi wa umri wake huamini sakafu haijapigwa deki mpaka mtu ainame na kitambaa. Usibishane naye kuhusu usafi, hutashinda. Gawanya nyumba: sebule Jumatatu, vyumba Jumatano, jiko na bafu Ijumaa, kila mara dakika kumi na tano, mopu yenye mpini mrefu, na kijana wako wa miaka 11 aendeshe hiyo ya sebule. Maji ya kusuuzia vyombo yawekwe kando, yapige deki, kisha yaishie chooni. Kwa mama mkwe mwenyewe, mpe kazi ya kukaa ambayo ni yake peke yake: kukunja nguo, kuchambua maharagwe. Nimeona nyumba kadhaa zikitulia kwa hilo tu. Mzee asiye na kazi hukagua za wengine.

Asubuhi zako ziwe fupi. Vidole vya baridi yabisi vinaamka baadaye kuliko mwenyewe, vingine baada ya saa nzima, kwa hivyo usianze siku kwa kifuniko cha chupa au vifungo vya shati la mtoto. Ingiza mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika tano, uifungue na kuifunga. Kuoga mwili mzima kuhamie usiku, ukiwa umekaa kwenye kiti cha plastiki, beseni juu ya stuli. Sare zipigwe pasi zote Jumapili jioni, umekaa, au zitundikwe vizuri zikiwa mbichi ili pasi isihitajike. Fulana za kulalia na shuka hazina haja ya pasi, na yeyote atakayekagua shuka zako ana shida zake.

Nina wasiwasi mmoja. Watu wakionja raha ya kupunguza kazi, wengine hupunguza hadi kukaa. Usifike huko. Misuli isiyotumika hunyauka, na misuli iliyonyauka huchoka haraka zaidi, kisha unapunguza tena. Mazoezi ya kadiri husaidia uchovu wa baridi yabisi, hilo linajulikana vyema. Tembea mikono mitupu dakika kumi hadi kumi na tano siku nyingi za wiki, kwa mwendo wa kuzungumza. Ukiweza, omba barua ya kufika idara kama yetu. Hospitali kubwa za umma zinayo, Kenyatta ikiwamo, na huko watakutengenezea vishikizo vya kutegemeza kifundo cha mkono vinavyokuenea wewe.

Usibadilishe haya yote wiki moja. Anza na maji na beseni, uache mengine. Chukua daftari la dukani, kila jioni uandike kazi tatu zilizokuchosha zaidi na namba kati ya sifuri na kumi. Baada ya wiki mbili utaona mwizi mwingine ambaye mimi sikumwona kutoka huku.

Na Alhamisi iandike ya kwanza kwenye ratiba, kabla ya nguo, kabla ya deki. Siku hiyo hakuna kusonga ugali: ni mkate na maharagwe ya mkebe wa Jumatano, na vyombo ni vya vijana. Ulale nusu saa baada ya kufunga duka. Kanisani uombe kiti, uimbe umekaa. Ukiwa wa sauti ya pili, nyuma huko hakuna atakayejua. Kisha baada ya wiki tatu uniandikie tena, uniambie ni mitungi mingapi bado inapanda na wewe.